Pikipiki ya Safari: Mfuko wa Spana Ulikwenda Wapi?

Mwaka 1935 pikipiki moja ya Kiingereza ilikuwa Agadez, katika nchi tunayoiita leo Niger, injini yake ikiwa imefumuliwa yote. Ilikuwa Panther ya cc 600, silinda moja, ina kigari cha pembeni, na kama hiyo haitoshi nyuma inakokota tela. Wenyewe walikuwa wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron. Waliondoka London tarehe 11 Desemba 1934 kuelekea Cape Town, wakaingia Sahara bila gari la kuwasindikiza na bila hata dira. Injini iliundwa upya pale Agadez, safari ikaendelea kupitia Nigeria, Kongo, Uganda, Kenya, Tanganyika na Rhodesia. Tarehe 29 Julai 1935 wakaingia Cape Town.

Habari hii kila ikisimuliwa msimuliaji huishia kwenye neno "wanawake". Sawa, kwa zama zile lilikuwa jambo kubwa kweli. Lakini mimi kilichonivuta ni ile injini. Wallach alikuwa amesomea uhandisi London, na aliijua mashine yake kama mama anavyoijua jiko lake. Sasa jiulize, ndugu msomaji: leo mtu anayenunua pikipiki ya safari ya mamilioni, ikimzimikia kati ya Marsabit na Moyale, anaweza kufungua nini zaidi ya simu yake?

Swali hilo ndilo limenifanya niifuatilie historia ya pikipiki hizi. Siyo historia ya mwendokasi (hiyo waachieni wenye vijarida vyenye picha za kung'aa) bali ya umiliki wenyewe: nani anaitengeneza, nani anaifunga vifaa, na nani anaifahamu.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa miaka mingi viwanda havikuwa vinatengeneza pikipiki ya safari kama tunavyoielewa leo. Viliuza pikipiki, basi. Mwenye nayo ndiye aliyeigeuza kuwa ya safari. Masanduku ya pembeni, kioo cha kukinga upepo, chuma cha kuzuia injini isiumie ikianguka, begi la juu ya tangi: vyote hivyo ama vilichongwa uani na mwenyewe, ama vilinunuliwa kwa mafundi wadogo waliokuwa wasafiri wenyewe. Na mtu aliyekifunga kifaa kwa mkono wake anajua kilikofungwa, kwa nati ipi, na kitakatikia wapi.

Mfano mzuri ni mwandishi wa habari mwenzangu, Ted Simon. Tarehe 6 Oktoba 1973 aliondoka London kuizunguka dunia kwa Triumph Tiger 100 ya cc 500, gazeti la Sunday Times likimuunga mkono. Ilikuwa siku ileile vita vya Waarabu na Israeli vilipolipuka, naye njia yake ilipita Libya na Misri! Simon hakuwa fundi. Wala hakuwa dereva mzoefu wa pikipiki, alijifunza kuiendesha kwa ajili ya safari hiyo. Na mwezi mmoja kabla, wafanyakazi wa kiwanda cha Triumph kule Meriden walikuwa wamekikalia kiwanda chao kupinga kufungwa kwake. Kwa hiyo huyu bwana aliondoka na mashine ambayo kiwanda chake mwenyewe hakikujua kama kitakuwapo kesho.

Alirudi baada ya miaka minne, amepita nchi 45 na kuendesha zaidi ya kilomita 100,000. Kenya na Tanzania alipita. Kitabu chake, Jupiter's Travels, kilitoka mwaka 1979, na ile Triumph ipo hadi leo katika jumba la makumbusho la usafiri mjini Coventry.

Pikipiki ya aina ile ilimtaka mwenyewe aihudumie kama ng'ombe wa maziwa. Mnyororo unalegea, lazima uukaze na kuupaka mafuta, na mchanga ukiingia unausaga kama jiwe. Tapeti zinapoteza nafasi yake, unazipima na kuzirekebisha. Platini inaungua, unaisugua. Boli na nati zinalegea kwa mtetemo, unazipitia moja moja jioni. Oili unabadilisha kila baada ya kilomita elfu chache, na petroli chafu unaichuja kwa kitambaa. Injini ya Simon ilifunguliwa njiani zaidi ya mara moja, tena mapema tu, akiwa bado Misri. Usumbufu? Ndiyo, tena mkubwa. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichohitaji kitu ambacho fundi wa mji wowote mdogo hana. Spana, bisibisi, kipimo cha tapeti, tyubu ya akiba, viraka, na subira.

Sasa, wakati Simon yuko njiani, kule Marekani na Japani mambo yalikuwa yanageuka.

Mwaka 1974, kwenye maonyesho ya Cologne, Honda ilionyesha Gold Wing GL1000. Ilikuwa na silinda nne zilizolala, ilipozwa kwa maji kama gari, na nguvu ilifika gurudumu la nyuma kwa shafti, mfano wa propela ya gari, badala ya mnyororo. (Shafti yenyewe haikuwa ngeni, BMW walikuwa nayo tangu R32 ya mwaka 1923.) Lakini angalia: ile Gold Wing ya kwanza ilikuja uchi. Haina kioo, haina masanduku. Wamarekani waliinunua kisha wakaenda kwa watu kama Craig Vetter, kijana mbunifu wa Illinois ambaye tangu mwaka 1971 alikuwa anauza kinga ya upepo aliyoiita Windjammer. Unaifunga mbele, na ghafla unaweza kukaa barabarani kutwa nzima bila kifua kupigwa na upepo na mvua. Maelfu na maelfu ya pikipiki za viwanda mbalimbali zilivalishwa kinga hiyo.

Viwanda si vipofu. BMW walitoa R100RS mwaka 1976, ikiwa na kinga kamili iliyopimwa katika handaki la upepo kabla ya kuuzwa. Mwaka 1980 Honda nao wakatoa Gold Wing Interstate, kinga na masanduku vimefungwa kiwandani. Yaani mnunuzi alikuwa ameonyesha njia, kiwanda kikaichukua njia hiyo na kumuuzia. Simlaumu mtu hapo, ndiyo biashara. Ila kuanzia hapo kila mwaka kiliongezwa kitu, redio, kompresa, na mwaka 1988 Gold Wing ikafikisha silinda sita na uzito wa zaidi ya kilo 350, hadi ikabidi iwekewe gia ya kurudi nyuma, kwani mwenyewe hawezi kuisukuma kwa miguu. Kwa barabara za Marekani, ambako gereji na duka la spea haviko mbali, mashine ile ni kochi la kifalme. Kwa barabara ya kwetu ya vumbi ni mzigo tu.

Aliyeleta kitu tofauti ni BMW, mwaka huohuo wa 1980, na R80 G/S. Herufi hizo ni za Kijerumani, maana yake "nje ya barabara" na "barabarani". Injini ya silinda mbili za kulala, cc 800 hivi, nguvu ya farasi 50, ikipozwa kwa hewa tu. Uzito ulikuwa kama kilo 186 ikiwa na mafuta. Gurudumu la nyuma lilishikwa upande mmoja, ukifungua boli tatu linatoka kama la gari. Mtu aliyewahi kutoa gurudumu la pikipiki kwenye matope ataelewa kwa nini naipigia debe boli tatu!

Sifa ilikuja Afrika. Hubert Auriol alishinda mbio za Paris-Dakar kwa BMW mwaka 1981 na 1983, kisha Gaston Rahier mwaka 1984 na 1985. Baada ya hapo kila mwenye ndoto ya kuvuka bara hili aliitaka. Kwa maoni yangu ile ndiyo ilikuwa pikipiki ya mwisho kubwa iliyokaa sawasawa katikati: starehe ya kutosha, nguvu ya kutosha, na bado mwenyewe anaweza kukaa chini ya mti, akafungua kifuniko cha silinda iliyochomoza pembeni, akarekebisha tapeti bila kugusa kitu kingine. Ted Simon mwenyewe alipoamua kurudia safari yake mwaka 2001, akikaribia miaka 70, alichukua R80 GS, mdogo wake na hiyo. Alivunjika mguu Kenya, akapona, akaendelea.

Kisha zikaja kompyuta. R1200GS iliyotoka mwaka 2004 ilikuwa na mfumo wa umeme ambao vifaa vyake huzungumza kupitia waya wa pamoja, na ufunguo wenye chipu: mashine isipoutambua haiwaki, hata uiombe kwa lugha gani. Nitende haki hapa. Injini hizi haziharibiki ovyo. Mfumo wake wa kupuliza petroli hujirekebisha wenyewe ukipanda kutoka Moshi hadi milimani, wakati kabureta ya Simon ilihitaji kuchezewa. Huduma kubwa ni kila kilomita 10,000. Anayesema za zamani zilikuwa "imara zaidi" anasema kwa mapenzi. Triumph ya mwaka 1973 ilimwaga oili hata ikiwa imeegeshwa.

Tofauti iko siku inapoharibika. Mnyororo ukikatika unaunga kwa pingili ya akiba inayokaa mfukoni, dakika ishirini umeondoka. Shafti ikifa, unatafuta lori. Kabureta ikiziba unaifungua na kuipuliza. Pampu ya petroli inayoongozwa na umeme ikigoma, unatafuta kompyuta ya kuisoma, na kompyuta hiyo iko kwa wakala, na wakala yuko mji mkuu, kama yupo.

Na kuna uzito. Mwaka 2004 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walizunguka kutoka London hadi New York kwa BMW za aina kubwa, wakiwa na mpiga picha wao Claudio von Planta. Masanduku ya alumini, mahema, kamera, spea, kila kitu. Huko Mongolia fremu ya pikipiki ya Claudio ikakatika kwa nyuma, pale panapobeba mizigo. Ikapakiwa kwenye lori kupelekwa Ulaanbaatar, naye akanunuliwa pikipiki ya Kirusi, IZh Planeta 5, kitu cha bei ya chee ambacho wenyeji wanakiendesha kila siku. Akasonga nayo. Walipokuja Afrika mwaka 2007, kutoka Scotland hadi Cape Town, walikuja na R1200GS Adventure, tangi la lita 33 na kilo 256 kabla ya kufunga hata sanduku moja. Linganisha na zile 186 za mwaka 1980. Hizo kilo 70 ni abiria mzima!

Nilipokuwa nafikiri haya yote nikawatazama vijana wetu wa bodaboda. Hebu angalia pikipiki zao nyingi: silinda moja, kupozwa kwa hewa, kabureta, mnyororo, tapeti za kurekebisha kwa spana. Kiuhandisi, Boxer ya kijiweni ni ndugu wa karibu zaidi na Triumph ya Ted Simon kuliko ilivyo BMW ya sasa. Na kutoka Mtwara hadi Lodwar hakuna mji usio na kijana chini ya mwarobaini anayejua kuifumua na kuirudisha kabla ya magharibi. Mtandao wa mafundi wa namna hiyo hakuna kiwanda cha Ulaya kilichowahi kuujenga Afrika. Wasafiri wa nje walikuwa wanaupita tu, wakitafuta wakala mwenye nembo ukutani.

Kwa hiyo rafiki zangu mnaoniuliza mnunue nini kwa safari ya Dar hadi Kigoma au Nairobi hadi Lamu, jibu langu ni la kizamani. Kwanza uliza tairi lake linapatikana wapi. Pili, fundi wa mtaani amewahi kuiona? Tatu, ikilala chini na mizigo, unaweza kuinyanyua peke yako? Tairi lisilo na tyubu ni baraka, maana msumari unazibwa kwa plagi ya mpira bila kutoa gurudumu. Hapo nasimama na teknolojia mpya bila aibu. Masanduku ya alumini yanapendeza kwenye picha, ila mabegi laini hayakuvunji mguu yakikulalia, na mtu akibeba mabegi hubeba kidogo. Kabla hujaondoka fungua mwenyewe kila kitu utakachotakiwa kufungua njiani, kwa spana zilezile utakazobeba. Spana isiyotumika nyumbani iache nyumbani.

Mwaka 2006 Mwingereza mwingine, Lois Pryce, aliondoka London kwenda Cape Town. Alipita Algeria na Sahara, akashuka Kongo na Angola, peke yake. Miaka mitatu kabla alikuwa ameshatoka Alaska hadi ncha ya Amerika ya Kusini kwa Yamaha ya cc 225. Safari hii ya Afrika aliongeza kidogo: alichukua Yamaha ya cc 250, inayopozwa kwa hewa, yenye kabureta na mnyororo. Akafika.