Majani sugu kwenye maua: kwa nini yanarudi kila mara

Mvua ikianza Kolwezi, karibu mwezi wa 10, maua ya mu lupango yanaamka. Lakini majani ambayo hakuna mtu aliyapanda yanaamka mbele yao. Mu Dilala kama mu Manika, kazi ni ile ile: siku ya posho mtu anashika jembe, anakata yote, nafasi inabaki safi. Kisha juma mbili, kijani imerudi. Wakaaji wengi wanasema ni udongo mubaya. Hapana. Mara nyingi ni jembe lenyewe linayazidisha.

Ile inayosumbua zaidi ni ndago, ambayo wataalamu wanaita Cyperus rotundus. Inafanana na nyasi, lakini ukizungusha shina lake kati ya vidole utasikia pembe tatu. Chini yake kuko viazi vidogo vyeusi, karibu kama mbegu ya karanga, vimefungana kwa nyuzi kama shanga. Kimoja kinaota, vingine vinalala. Jembe likikata ule uzi, vile vilivyokuwa vinalala vinaamka navyo, na mmea mmoja unakuwa mingi. Mu 1977, kitabu cha wataalamu juu ya majani mabaya ya dunia kiliweka ndago nafasi ya kwanza. Kwa hiyo mwenye kushindwa nayo asijione mvivu.

Ndago inashindwa kwa njaa. Jani jipya likitoka, linakula akiba ya kiazi. Kisha juma tatu ao ine linaanza kutengeneza viazi vipya. Basi inafaa kupita kila juma mbili, kuingiza kisu ao chuma chenye ncha kando ya shina, na kuinua mmea pamoja na kiazi chake. Kama kiazi kinabaki, si kitu, lakini jani lisiachwe likomae. Mvua moja haitoshi. Mwaka wa pili ndio watu wanaona tofauti.

Sangari, ile nyasi inayotambaa ambayo wengi wanaita shiendan kama kwa Kifaransa, ni rahisi kidogo. Haipendi kivuli. Inang'olewa kwa kufuata kamba yake mpaka mwisho, na kila kipande kilicho na fundo kinaokotwa, sababu fundo moja tu linatosha kuota. Nyasi ndefu za kufunikia nyumba, Imperata, zina mizizi mikali kama sindano, na hizo hazifai kuchomwa moto: moto unaunguza majani ya juu tu, mizizi inabaki, na nyasi inatoka na nguvu mpya. Kishona nguo hakina shida, king'olewe tu mbele ya mbegu zake kukauka.

Vyote vilivyong'olewa visitupwe kwenye mbolea. Vianikwe juu ya bati mpaka vikauke kabisa.

Wengine wanamwanga chumvi ao mafuta machafu ya motokari. Ni kweli, majani yanakufa, lakini maua nayo yanakufa, na mafuta yanaweza kushuka mpaka kwenye kisima cha jirani. Dawa ya glifosati inashuka mpaka kwenye mizizi, lakini haichagui: tone likigusa ua, ua linakwenda pamoja. Mu 2015, shirika la kimataifa la utafiti wa kansa liliiweka kati ya vitu ambavyo huenda vinaleta kansa. Mashirika mengine yamekataa hukumu hiyo. Kwa kitanda cha maua cha metre mbili, mikono inatosha.

Ila hapa Kolwezi mikono yenyewe inaomba uangalifu. Mu Kasulo, tangu 2014, watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao, na udongo wa mashimo ukabaki mu malupango. Uchunguzi wa chuo kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Ubelgiji, uliotoka mu 2018, ulikuta kobalti nyingi ndani ya vumbi la nyumba na ndani ya mkojo wa wakaaji wa pale. Watoto ndio walizidi: karibu mara 10 kuliko watoto wa nafasi isiyo na machimbo. Basi kupiga jembe kwenye udongo mukavu wa kiangazi, na mtoto anacheza kando, si kazi ndogo.

Wakati mzuri wa kuchimba sana ni mwisho wa mwezi wa 4. Udongo bado una maji, vumbi halipandi, na jua la mwezi wa 5 litakausha viazi vya ndago vilivyoinuliwa. Kama udongo umekauka, unyunyiziwe maji kwanza. Watoto wakae mbali, na mikono ioshwe kwa sabuni mbele ya kula.

Kisha kung'oa, udongo usiachwe uchi. Ufunikwe na nyasi kavu zisizo na mbegu, ao maua yapandwe karibu karibu mpaka kivuli kifunge. Majani ya viazi vitamu yanafunika haraka sana, lakini pale ambapo udongo ulitoka kwenye shimo la madini, yale matembele yasipelekwe jikoni.

Na mwenye kununua maua ya kopo kando ya barabara aguse kwanza udongo wa kopo kwa kidole. Ndago nyingi zinaingia mu lupango kwa njia hiyo.