Mnazi Mmoja na Boriti za Rufiji

Historia ya viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kwa kawaida huanzishwa na mikutano ya TANU. Huko ni kuanzia katikati. Hatuna budi kuuliza kwanza: kwa nini mkoloni aliacha wazi ardhi kubwa hivyo katikati ya mji?

Hakufanya hivyo kwa kupenda bustani. Sheria ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1891 iliugawa mji kwa aina ya nyumba, na katika miaka ya 1920 Waingereza wakaukaza mgawanyo huo: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwazi, kwa kisingizio cha afya. Sheria ilitaja vifaa vya kujengea, siyo rangi ya mtu. Lakini katika uchumi ule, mwenye kujenga kwa mawe na mwenye kujenga kwa miti na udongo walijulikana bila kutajwa.

Na miti yenyewe? Delta ya Rufiji, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kibiti, ilikuwa chimbuko kubwa la boriti za pwani. Mkataji alizama topeni, akangoja maji yajae ndipo jahazi lipakie. Tangu 1898 Wajerumani waliiweka mikoko hiyo mikononi mwa serikali, na mwananchi wa delta akawa mwombaji wa mti uliootea mlangoni pake.

Hata jina la Kariakoo linatuelekeza Rufiji. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi walibebeshwa shehena za vita mpaka bonde la Rufiji, katika mvua kubwa za 1917. Makumi ya maelfu yao walikufa katika vita hivyo, wengi kwa maradhi wala si kwa risasi.

Baada ya TANU kuundwa mwaka 1954, uwazi uliowekwa kuwatenga watu uligeuzwa mahali pa kuwakusanya. Mkoloni hakulipanga hilo! Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza maelfu ya wanawake wa mji katika TANU tangu 1955, ni mtoto wa harakati hizo. Hata hivyo, katika uchaguzi wa 1965 alishindwa ubunge, na waliomnyima kura walikuwa wakulima wa Rufiji.