Ufungaji wa kichakataji

Ufungaji wa kichakataji ni kazi ya kuweka kichakataji (prosesa) katika soketi yake kwenye ubao mama wa kompyuta ya mezani, ambao mafundi wengi wa Tanzania huuita mazabodi. Kazi hii huchukua dakika chache, lakini pini moja ikipinda kompyuta inaweza isiwake kabisa. Katika miji kama Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, iliyo mbali na maduka makubwa ya Dar es Salaam, kupata ubao mama mwingine wa aina ileile kunaweza kuchukua siku nyingi, na wanafunzi wanaotegemea kompyuta hiyo hubaki wakisubiri.

Aina za soketi

Katika soketi za LGA, zinazotumiwa na Intel kwa kompyuta za mezani tangu mwaka 2004, pini ziko kwenye ubao mama. Katika soketi za PGA, kama AM4 ya AMD, pini ziko chini ya kichakataji. AMD ilihamia LGA kwa soketi ya AM5 mwaka 2022.

Soketi kufanana hakutoshi. Kwa mfano, LGA 1151 ilitumika kwa vizazi vya 6 hadi 9 vya Intel Core, lakini ubao mama wa vizazi vya 6 na 7 haukutengenezwa kupokea vya 8 na 9. Orodha ya mtengenezaji wa ubao mama isomwe kwanza. Pengine BIOS huhitaji kusasishwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ubao mama unaweza kuharibika, hivyo ni vema kutumia UPS.

Maandalizi

Waya wa umeme uchomolewe, kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe ili kumaliza umeme uliobaki. Fundi hugusa chuma cha kasha mara kwa mara kuondoa umeme tuli mwilini. Hewa yenye unyevu ya kando ya Ziwa Viktoria hupunguza umeme huo, lakini haiumalizi.

Hatua za ufungaji

1. Inua wenzo wa soketi; kwa LGA, fungua pia kifuniko chake.
2. Shika kichakataji kwa kingo tu.
3. Linganisha alama ya pembetatu ya kichakataji na ile ya soketi. Kwa LGA, linganisha pia mikato ya pembeni.
4. Kiweke wima bila kukisukuma. Kikikataa kukaa, kiinue na uangalie upya.
5. Rudisha wenzo. Kwa LGA, ugumu kidogo ni wa kawaida. Kwa PGA, ugumu mkubwa ni dalili ya kosa.

Upozaji na majaribio

Pesti ya zamani hufutwa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Pesti mpya ya kiasi cha punje ya mbaazi huwekwa katikati, kisha kipozajoto hufungwa kwa kukaza skrubu kwa kupishana pembe kwa pembe. Waya wa feni huchomekwa palipoandikwa CPU_FAN.

Baada ya kuwasha, joto husomwa ndani ya BIOS. Nyuzi 30 hadi 50 za Selsiasi ni kawaida; likipanda haraka kupita 80, kompyuta izimwe mara moja na kipozajoto kifungwe upya.