Karatasi Ilisema Kiko Sawa: Moto wa Kituo cha Watoto, Hermosillo 2009

Leo tunaenda mbali kidogo, mpaka Meksiko, sababu yaliyotokea kule yanatuhusu sisi ambao kila asubuhi tunapeleka wadogo zetu kwenye vituo vya watoto.

Tarehe 5 Juni 2009, mjini Hermosillo, jimbo la Sonora, watoto wa kituo kilichoitwa ABC walikuwa kwenye usingizi wa mchana. Kituo kiliendeshwa na watu binafsi kwa mkataba na shirika la bima ya jamii la serikali, ili wazazi wanaofanya kazi wapate pa kuacha watoto. Lakini jengo lenyewe lilikuwa ghala lililogeuzwa. Na ghala la jirani, ukuta kwa ukuta, serikali ya jimbo ililitumia kuweka makaratasi na magari.

Moto ulianzia huko kwa jirani. Ukapita juu, ukashika dari ya turubai na sponji ya plastiki, ikaanza kudondoka huku inawaka. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja tu. Ule wa dharura haukufunguka. Watu wa mtaani wakakimbilia, mmoja akagongesha gari lake ukutani mpaka pakatoboka, watoto wakapitishwa hapo. Hata hivyo watoto 49 walikufa, na wengine wengi waliumia.

Sasa angalieni jambo hili. Kituo kile hakikuwa cha kujificha. Wakuu walisema kilikaguliwa mwezi Mei, hata wiki mbili hazijapita, kikaonekana kiko sawa. Yaani mkaguzi alipita, karatasi ikajazwa, lakini dari ilibaki ile ile na mlango ule ule.

Wazazi hawakunyamaza. Waliandamana mwaka baada ya mwaka, mpaka tarehe 24 Oktoba 2011 ikatangazwa sheria ya nchi nzima kuhusu vituo vya watoto. Wengi wanaiita Sheria ya 5 Juni. Inadai kibali kabla ya kufungua, ukaguzi angalau kila miezi sita, na mazoezi ya kutoka nje kwa dharura angalau mara moja kila miezi miwili. Tena inakataza shughuli ya hatari kuwa chini ya mita 50 kutoka kituoni. Ukisoma vizuri, karibu kila kifungu kinajibu kitu kilichokosekana siku ile.

Turudi kwetu. Hapa kambini vituo vingi ni miti na turubai, na jiko la uji haliko mbali. Wageni wakija tunafagia, watoto wanaimba, kitabu cha wageni kinasainiwa, basi. Huo si ukaguzi, ni matembezi. Mkaguzi wa kweli anausukuma mlango wa pili kwa mkono wake. Anauliza ufunguo anao nani. Anahesabu watoto, anahesabu walezi, halafu anaomba watoto wote watoke nje huku yeye anatazama saa.

Kazi hiyo haihitaji digrii, hata sisi wa kujitolea tunaiweza. Na nyinyi wa mashirika, mkija na fomu zenu, tafadhali msizijaze mkiwa mmekaa kwenye kiti. Wazazi wa Hermosillo walipata sheria baada ya kuzika. Sisi tuulize mapema.