Mgonjwa Asiyekuwepo: Historia ya Uhalisia Pepe katika Tiba

Uhalisia pepe ni mandhari iliyoundwa na kompyuta, ambayo mtu huiona kupitia miwani mikubwa inayofunika macho yote mawili. Akigeuza kichwa, mandhari nayo inageuka. Akinyoosha mkono, mkono wa kuchorwa unanyooka mbele yake. Katika tiba teknolojia hii imepewa kazi mbili ambazo asili zake hazifanani. Ya kwanza ni kumfundisha mganga juu ya mgonjwa asiyekuwepo. Ya pili ni kumpeleka mgonjwa aliyepo, kwa macho na mawazo, mbali na kitanda alicholazwa. Kazi ya kwanza ni kongwe kuliko kompyuta yenyewe kwa karne kadhaa, na historia ya miwani haieleweki bila hiyo.

Nchini China, mwaka 1027, tabibu wa ikulu aliyeitwa Wang Weiyi alisimamia utengenezaji wa sanamu za shaba zenye ukubwa wa mtu mzima, kwa ajili ya tiba ya kuchoma sindano. Mwili wa sanamu ulitobolewa matundu mahali sindano inapopaswa kuingia. Kwa mujibu wa masimulizi ya Kichina, siku ya mtihani sanamu ilipakwa nta nje na kujazwa maji ndani. Mwanafunzi aliyelenga sawasawa aliona maji yakichuruzika, na aliyekosea hakuona kitu. Jambo la kuangalia hapo ni kwamba sanamu haikuwa ya kutazama tu. Ilisahihisha.

Ulaya ilichelewa, lakini ilipoamka ilimpata mwalimu hodari. Angélique du Coudray alikuwa mkunga wa Paris katika karne ya 18, wakati serikali ya Ufaransa ilipokuwa na hofu kwamba watu wake wanapungua na kwamba vifo vya wazazi na watoto wachanga vijijini ni sehemu ya sababu. Mwaka 1759 Mfalme Louis XV alimpa hati ya kuzunguka nchi akifundisha ukunga. Wanafunzi wake wengi walikuwa wanawake wa vijijini wasiojua kusoma, kwa hiyo kitabu peke yake kisingewafaa. Alichowapelekea ni kile alichokiita mashine: kiwiliwili cha mwanamke kuanzia kiunoni hadi mapajani, kilichoshonwa kwa kitambaa na ngozi, kikajazwa pamba, na kuwekewa kamba na mikanda ya kubana na kulegeza njia ya uzazi.

Mashine moja imebaki, nayo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Rouen. Picha za eksirei zimeonyesha kuwa ndani yake mna mifupa halisi ya nyonga ya binadamu. Mtoto wake wa kitambaa ana kinywa kinachoingia vidole, kwa sababu mtoto anayetanguliza makalio huhitaji mkunga amshike mdomoni ili ainamishe kichwa chake kitoke bila kukwama. Wapo pia mapacha, pamoja na kondo na kitovu. Mwanafunzi alizalisha mashine hiyo tena na tena, mtoto akiwekwa kila mara kwa mlalo tofauti, mpaka vidole vyake vikajua cha kufanya bila kuona. Wanawake aliowafundisha kwa takriban robo karne wanakadiriwa kufikia 5,000. Ni vigumu kutaja mwalimu wa tiba wa zama hizo aliyeacha wanafunzi wengi kiasi hicho, na bado jina lake halitajwi sana nje ya Ufaransa.

Karne ya 19 haikuongeza mengi. Vyuo vilitegemea maiti na wodi za maskini, ambako mwanafunzi alijifunza kwa kukosea juu ya mwili wa mtu asiyekuwa na uwezo wa kumkataa.

Mabadiliko yaliyofuata yalitoka kwa mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto. Asmund Laerdal wa Stavanger, Norway, alikuwa akitengeneza wanasesere wa plastiki laini alipoombwa na madaktari atengeneze mdoli wa kujifunzia njia mpya ya kumpulizia hewa mtu aliyeacha kupumua. Mdoli huyo, Resusci Anne, alitoka mwaka 1960, na mamilioni ya watu wamejifunza kuokoa maisha kwa kumpulizia yeye. Miaka michache baadaye, katika Chuo Kikuu cha Southern California, Stephen Abrahamson na Judson Denson waliunganisha mdoli na kompyuta. Sim One, kama walivyomwita, alipumua, moyo wake ulipiga, mboni za macho yake zilipanuka na kusinyaa, na mwili wake ulibadilika kulingana na dawa aliyochomwa. Madaktari wa usingizi walijifunza juu yake kuingiza mrija wa hewa kooni. Alitengenezwa mmoja tu. Kompyuta ya wakati ule ilikuwa ghali mno, na wakuu wa vyuo hawakuona sababu ya kulipia mgonjwa bandia ilhali wagonjwa wa kweli walikuwa wamejaa wodini bila malipo.

Miwani yenyewe ilizaliwa nje ya hospitali. Mwaka 1968 Ivan Sutherland, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani kilichomwonyesha mtumiaji maumbo ya mistari yakielea hewani. Kilikuwa kizito hata ikabidi kining'inizwe darini. Katika miaka ya 1980 kampuni ya VPL Research ya Jaron Lanier ilianza kuuza miwani na glavu za aina hiyo, na Richard Satava, daktari wa upasuaji wa jeshi la Marekani, akaona humo chumba cha upasuaji kisichokuwa na damu. Mwaka 1993 alichapisha maelezo ya tumbo la kompyuta ambalo daktari angeweza kuingia ndani yake na kutembea kati ya ini na utumbo. Viungo vyake vilifanana na katuni, na havikuwa na uzito wala unyevu. Yeye mwenyewe aliziita hizo hatua za kwanza.

Kilichoipa ndoto hiyo mahali pa kutua ni upasuaji wa matundu. Tangu mwisho wa miaka ya 1980, madaktari walikuwa wakiondoa mfuko wa nyongo bila kupasua tumbo: kamera huingizwa kwa tundu moja, vyombo virefu kwa mengine, na daktari hufanya kazi akitazama skrini. Wagonjwa waliipenda njia hiyo kwa sababu walirudi nyumbani mapema. Madaktari wazoefu, kwa upande wao, walijikuta wanafunzi upya. Chombo kinachopita kwenye tundu la tumbo hufanya kazi kama wenzo: mkono ukienda kulia, ncha huenda kushoto. Kina cha picha hakionekani vizuri, na mguso wa kidole haupo. Njia hiyo ilipoenea kwa pupa, majeraha ya mrija wa nyongo yaliongezeka. Hapo hoja ya kufanya mazoezi kwanza kwenye kompyuta ikapata nguvu, kwani skrini ilikuwa tayari imekaa kati ya daktari na mgonjwa.

Mashine iliyoleta ushahidi haikuwa ya kupendeza macho. MIST-VR, iliyotengenezwa Uingereza katikati ya miaka ya 1990, ilikuwa na skrini ya kawaida, mishikio miwili ya vyombo vya upasuaji, na maumbo sahili ya kushika, kuhamisha na kuunguza. Hapakuwa na ini wala damu, na hata miwani haikuwepo, hivyo wanaoshikilia kwamba uhalisia pepe ni lazima uvaliwe usoni wana haki ya kulalamika. Lakini ilihesabu kila kitu: muda, mizunguko ya mkono isiyo ya lazima, na makosa.

Katika Chuo Kikuu cha Yale, madaktari 16 waliokuwa wakisomea ubingwa wa upasuaji waligawanywa kwa kura. Nusu walifanya mazoezi kwenye MIST-VR mpaka wakafikia kiwango cha mabingwa, na nusu nyingine wakafuata mafunzo ya kawaida. Kisha wote waliondoa mfuko wa nyongo wa mgonjwa wa kweli, na waliokagua video zao hawakujua nani alitoka kundi gani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Waliofanya mazoezi walimaliza kuutenganisha mfuko kwa kasi iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 29. Wale wasiofanya walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kuujeruhi mfuko au kuunguza mahali pasipohusika, na mara tisa zaidi wa kukwama bila kusonga mbele. Utafiti ulikuwa mdogo, lakini ulijibu swali ambalo picha nzuri hazikuwa zimelijibu: je, ustadi uliopatikana kwenye kompyuta unahamia mwilini mwa mtu? Sharti la kufanya mazoezi hadi kiwango kifikiwe, badala ya hadi saa ziishe, lilifaa pengine zaidi kuliko mashine yenyewe. Huo ndio mtindo wa du Coudray, ila mara hii ukiwa na takwimu.

Wakati madaktari wa upasuaji wakibishana juu ya makosa, wataalamu wa akili walikuwa wameshaanza kuwavisha wagonjwa miwani. Mjini Atlanta, Barbara Rothbaum na Larry Hodges walichukua watu wenye hofu ya kupanda mahali pa juu na kuwasimamisha hatua kwa hatua kwenye madaraja, roshani na lifti za kuchorwa. Ripoti yao ya mwaka 1995 ilionyesha hofu ikipungua. Baadaye njia hiyo hiyo ilitumika kwa wanajeshi wa Marekani waliorudi na majeraha ya nafsi kutoka Vietnam na kisha Iraq: mgonjwa alirudishwa kwenye helikopta au barabara aliyoiogopa, mwanasaikolojia akiwa pembeni akipunguza au kuongeza sauti za milio.

Lakini mfano unaogusa zaidi ni wa wagonjwa wa moto. Mtu aliyeungua sana hulazimika kuoshwa vidonda mara kwa mara, ngozi iliyokufa ikwanguliwe na viungo vikunjuliwe visikakamae. Mofini, dawa kali ya maumivu, humsaidia akiwa amelala tuli. Wakati wa kuoshwa mara nyingi haitoshi. Katika Hospitali ya Harborview, Seattle, Hunter Hoffman na David Patterson walianza katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 kuwavisha wagonjwa hao miwani. Kwa ajili yao ulitengenezwa mchezo ulioitwa SnowWorld: mgonjwa huelea katika bonde la barafu la rangi ya samawati, akiwarushia mipira ya theluji sanamu za watu wa theluji, pengwini na tembo wa kale wenye manyoya. Baridi ilichaguliwa makusudi, iwe kinyume cha moto.

Maelezo ya watafiti wenyewe ni kwamba maumivu yanahitaji umakini ili yasikike, na umakini wa binadamu una kikomo. Macho yakishikwa na bonde la barafu, ubongo hubaki na nafasi ndogo ya kupokea habari za kidonda. Mwaka 2004 picha za ubongo za watu wazima wenye afya, waliounguzwa kidogo mguuni kwa hiari yao, zilionyesha kuwa sehemu zinazohusika na maumivu hupunguza shughuli wakiwa ndani ya mchezo. Kwa hiyo wagonjwa waliposema maumivu yamepungua, haikuwa adabu tu kwa watafiti. Hata hivyo miwani haikuondoa mofini katika wodi hiyo; viliendelea kutumika pamoja.

Kwa miaka mingi bei ilizuia haya yote kutoka nje ya maabara. Mnamo 2012 kampuni changa ya Oculus ilianza kuchangisha fedha za kutengeneza miwani nafuu kwa wacheza michezo ya kompyuta, na kufikia 2016 miwani hiyo ilikuwa madukani. Mwezi Aprili mwaka huo Shafi Ahmed, daktari wa upasuaji wa Royal London Hospital, alirusha moja kwa moja upasuaji wa saratani ya utumbo kwa kamera za pande zote, na yeyote mwenye simu na miwani ya kadibodi aliweza kusimama kando ya meza. Lilikuwa tukio la kuvutia, ingawa mtazamaji hakufanya lolote kwa mikono yake. Novemba 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu EaseVRx, programu ya wiki nane ya miwani kwa wenye maumivu sugu ya kiuno. Katika jaribio la watu 179, asilimia 66 ya walioitumia walisema maumivu yamepungua kwa zaidi ya asilimia 30, dhidi ya asilimia 41 ya kundi la kulinganishia. Kasoro za miwani zinajulikana: huwaletea baadhi ya watu kichefuchefu, huhitaji kusafishwa kila inapobadilisha uso, na haiupi mkono uzito wa kitu unachokishika.

Afrika Mashariki imetoa somo lake katika historia hii, na imelitoa kwa mdoli. Mpango wa Helping Babies Breathe hufundisha wakunga kumsaidia mtoto asiyelia kupumua ndani ya dakika ya kwanza, inayoitwa Dakika ya Dhahabu. Hutumia mdoli anayejazwa maji ili awe na uzito wa mtoto mchanga. Mpango huo ulipoletwa katika hospitali nane za Tanzania, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti waligundua jambo lisilofurahisha: kozi ya siku moja iliwafanya wahudumu wafanye vizuri kwa mdoli, lakini haikubadilisha walivyowahudumia watoto wa kweli. Ndipo yakaanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kwenye chumba cha kujifungulia, na vifo vya siku ya kwanza vikashuka.

Swali la nani atamkumbusha mkunga kufanya mazoezi pale ambapo msimamizi hayupo ndilo lililoleta miwani katika vituo vya afya. Watafiti waliwapa wauguzi na wakunga wa Lagos, Nigeria, na Busia, magharibi mwa Kenya, programu ya uhalisia pepe inayofanya kazi kwenye simu iliyowekwa ndani ya miwani ya bei nafuu. Mkunga huchagua hatua, muda unahesabiwa, na akikosea anaambiwa. Kubana mfuko wa hewa na kuona kifua kikiinuka bado anajifunza kwa mdoli, kwa sababu simu haina kifua.