Kolorizimu: Upendeleo wa Weupe

Anayetaka kulitia neno kolorizimu katika Kiswahili hukuta mahali pake pameshakaliwa. Tukisema ubaguzi wa rangi, msomaji huwaza Afrika Kusini ya makaburu, jamii moja ikiikandamiza nyingine kwa sheria na bunduki. Kolorizimu ni kitu kingine. Alice Walker, mwandishi Mmarekani mweusi aliyelieneza neno hilo kwa kitabu chake cha insha cha mwaka 1983, aliwalenga watu wa asili moja wanaopimana kwa weusi wa ngozi zao. Dada wawili wa tumbo moja, mmoja anasifiwa kwa kuwa mweupe kuliko mwenzake, wa pili anahurumiwa. Hakuna mgeni katika nyumba hiyo, na madhara yanatendeka.

Nchi inayonisaidia kulifafanua neno hili ni Ufilipino. Rangi ya Wafilipino wengi ni ile tunayoiita maji ya kunde, nao wanaiita kayumanggi. Ni neno la heshima, na katika lugha ya uzalendo taifa zima hujitambulisha kwalo. Nyumbani mambo hubadilika. Maputi, mweupe, ni sifa. Maitim, mweusi, ni dhihaka. Watoto huitwa waingie ndani wasiungue na jua. Na kuna kauli ambayo wasichana wengi wameisikia, maitim pero maganda, yaani mweusi lakini mzuri. Tusi limekaa katika hilo “lakini”, na mara nyingi anayelitamka ni shangazi anayempenda mtoto kwa dhati.

Wengi huitupia Hispania lawama zote, lakini habari ni ndefu zaidi. Katika milima ya kisiwa cha Panay, tangu zamani, familia zenye hadhi zilimweka binti mmoja ndani tangu utotoni. Mwali huyo, binukot, alikingwa na jua, akafundishwa tenzi ndefu za wahenga, na mahari yake ilikuwa kubwa. Weupe wake ulitangaza kwamba hakulima. Wahispania, waliotawala tangu 1565 hadi 1898, waliugeuza weupe kuwa alama ya nasaba. Kisiwa cha Buglas wakakiita Negros kwa sababu ya ngozi nyeusi za watu waliowakuta huko. Wakapanga watu kwa damu, na kodi ya kichwa aliyoilipa mwenyeji, indio, Mhispania hakuilipa. Machotara, mestizo, wengi wao wa damu ya Kichina, walipanda kwa biashara na ardhi katika karne ya 19, na ngozi nyeupe ikazoeleka kuwa uso wa mali. Kisha wakaja Wamarekani, ambao gavana wao William Howard Taft aliwaita wenyeji ndugu zake wadogo wa kahawia. Wakaleta shule, matangazo na sinema, na nyota wa sinema wakachaguliwa miongoni mwa machotara.

Ndiyo maana mwigizaji Nora Aunor ana uzito mkubwa kwangu kuliko hotuba yoyote juu ya jambo hili. Alizaliwa Iriga mwaka 1953 katika familia maskini, akauza maji ya kunywa kwenye kituo cha treni. Alikuwa mfupi, maji ya kunde kabisa. Alishinda shindano la uimbaji, akaingia katika sinema, na umati ukampenda kwa namna ambayo wenye studio hawakuizoea. Mwaka 1982 aliigiza Elsa katika filamu ya Himala ya Ishmael Bernal, na kamera ilipomkaribia uso haikuomba radhi kwa ngozi yake. Mwaka 2022 nchi yake ilimpa heshima ya Msanii wa Taifa. Alifariki Aprili 2025.

Soko, hata hivyo, halikushawishika. Madukani kuna sabuni za papai, losheni, vidonge na sindano za glutathioni, ambayo mtaani huitwa gluta. Mamlaka ya dawa ya huko imeonya kwamba sindano hizo hazikuidhinishwa kwa kung'arisha ngozi. Krimu nyingine zimekutwa na zebaki, sumu inayoharibu figo. Hapa msomaji wa Dar es Salaam au Kigali hahitaji maelezo, anaujua mkorogo.

Jambo hili tuliiteje basi? “Ubaguzi wa rangi ya ngozi” hautoshi, kwa kuwa msomaji ataurudisha kule kule kwa makaburu. Ninapendekeza upendeleo wa weupe. Jambo hili hufanya kazi kwa kugawa zaidi kuliko kwa kufukuza: sifa, nafasi katika filamu, kazi ya mapokezi. Neno weupe nalo linaonyesha mwelekeo wa upendeleo. Atakayesema kwamba upendeleo ni neno laini mno kwa jeraha hili ana hoja, ila madhara haya huja yakiwa na sura ya upole. Mwaka 2016 mwigizaji Asia Jackson, ambaye mama yake ni Mfilipino na baba yake Mmarekani mweusi, alianzisha mitandaoni wito wa #MagandangMorenx, maji ya kunde na mzuri. Lile “lakini” halimo.

Tofauti ya ubaguzi wa rangi na upendeleo wa weupe huonekana wazi kwa Waaeta, wenyeji wa kale wa milima ya kisiwa cha Luzon, weusi wenye nywele za kipilipili. Wao hutengwa kama kabila zima, na huo ni ubaguzi wa rangi. Chelsea Manalo wa Bulacan, aliyetawazwa Miss Universe Philippines mwaka 2024 na ambaye baba yake ni Mmarekani mweusi, ameeleza alivyodhihakiwa utotoni kwa ngozi na nywele zake. Kwa asili ya baba yake anaangukia katika istilahi ya kwanza. Kwa mizani ya urembo ya nchi ya mama yake, katika ya pili. Mwandishi atakayesimulia habari zake kwa Kiswahili atazihitaji zote mbili katika aya moja.