Sumu ya kuvu ya mahindi na protini inayojenga ubongo wa mtoto

WAKULIMA wa Kitale na Bungoma wanafahamu kuwa mahindi yakinyeshewa wakati wa kuvunwa huingia kuvu. Lisilofahamika sana ni kuwa sumu ya kuvu hiyo inaweza kuihujumu protini ambayo mtoto huihitaji tangu siku za kwanza za mimba.

Protini hiyo huitwa kipokezi alfa cha foleti. Hukaa kwenye utando wa seli, na kazi yake ni kuinasa foleti na kuiingiza ndani. Foleti ni vitamini ya kundi la B ipatikanayo katika maharagwe, kunde na mboga za majani. Seli zikiikosa, haziwezi kugawanyika ipasavyo.

Ubongo na uti wa mgongo huanza kama utepe wa seli unaojikunja kuwa mrija. Mrija huo hufunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa. Usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Usipofunga upande wa kichwa, sehemu kubwa ya ubongo haikui, na mtoto hawezi kuishi.

Sumu inayohusika ni fumonisini, iliyotambuliwa nchini Afrika Kusini mwaka 1988. Huizuia seli kutengeneza mafuta maalumu ya utando wake, na kipokezi kilichopachikwa humo hushindwa kufanya kazi. Panya wa maabara waliopewa sumu hiyo walipata vijusi ambavyo mrija wao haukufunga. Walipoongezewa foleti, madhara yalipungua.

Kwa binadamu, shaka ilianzia Texas, Marekani, mwaka 1990 na 1991, watoto wengi walipozaliwa na kasoro hizo miongoni mwa jamii zinazotegemea chapati za mahindi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliihusisha sumu hiyo.

Uchunguzi wa mahindi ya magharibi mwa Kenya uliochapishwa mwaka 1999 uliikuta fumonisini katika karibu nusu ya sampuli, ingawa chache tu zilikuwa na kiwango cha kutisha. Uchunguzi huo haukuhusu watoto.

Tangu mwaka 2012, sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe asidi ya foliki. Hata hivyo, familia inayosaga mahindi yake kwenye mashine ya kijijini haifikiwi na kinga hiyo. Vidonge vya kliniki navyo humfikia mama baada ya kujua kuwa ni mjamzito, na mara nyingi mrija umekwisha kufunga.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri mwanamke anayetarajia kupata mimba ameze mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12.

Kwa mkulima, kinga ni kuyakausha mahindi hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, kuyaanika mbali na udongo na kutenga magunzi yaliyooza. Kuchemsha ugali hakuiondoi sumu hiyo, na punje inayoonekana safi yaweza kuwa nayo.